Kitasa, Ufunguo na Fundi: Hotuba ya Kamati ya Mali Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza sisi wa Kamati ya Mali tuseme mbele yenu juu ya vitasa vya milango na namna ya kumchagua fundi wa kuvitia. Yamkini wako watakaoliona jambo hili kuwa dogo mno kwa mkutano ambao kazi yake ni mazishi, karo za watoto na kuwaangalia wagonjwa. Sisi nasi tulikuwa na mawazo hayo hayo. Lakini ninyi nyote mwajua yaliyotupata katika ghala letu, na walio wengi hawajasikia mwisho wake. Twataka kuusimulia hapa, maana kosa lilitendwa hadharani na kuchapwa hadharani.

Mtakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita, siku mbili kabla ya kuisafirisha maiti ya mmoja wa wazee wetu, tulifungua ghala tukakuta hema mbili hazipo, viti sitini havipo, sufuria kubwa nne hazipo, na jenereta ya Chama imekwenda. Mlango ulikuwa umefungwa barabara kama tulivyouacha. Kitasa kilikuwa kizima, mwimo haukuwa na alama ya mtaimbo, wala dirisha halikuguswa. Jioni ile ile tuliketi tukafanya hesabu, nayo ilikuwa hesabu fupi sana. Mlango haukuvunjwa, basi aliyeingia alikuwa na ufunguo. Funguo ni mbili: mmoja uko kwa Katibu, wa pili uko kwa mzee mlinzi wetu. Katibu ni mtu wa kuaminika. Basi mwizi ni mlinzi.

Mzee yule alikuwa ametulindia mali kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Aliapa mbele yetu, akataka waitwe wazee wa kwao waje wamsikilize, nasi tukasema hapana haja. Tulizuia mshahara wake wa mwezi ule uwe fidia ya sufuria, tukamnyang'anya ufunguo, na katika taarifa ya mwaka ule tukachapa maneno ya kwamba mlinzi ameachishwa kazi kwa ajili ya wizi. Hapo tukajiona tumekwisha kuziba ufa. Kitasa hatukukibadili. Mwaka uliofuata tulipohesabu viti tulivyonunua upya tuliona vimepungua vinane, tukasema labda tulikosea kuhesabu.

Mwaka huu wapangaji wa ploti moja isiyo mbali nasi walimkamata mtu akifungua mlango usio wake, saa nane za usiku. Polisi walipompekua walimkuta na funguo nyingi, kila mmoja umefungwa kitambaa chenye maandishi. Kitambaa kimoja kilikuwa na jina la Chama chetu. Afisa wa polisi alikuja nao mpaka ghalani, akautia kitasani, ukazunguka. Na mtu mwenyewe tulimtambua mara moja: ni yule fundi aliyetutilia kitasa. Kesi yake bado iko mahakamani, kwa hiyo hatutaongeza neno juu ya hayo tuliyoyaona kwa macho yetu.

Ila liko moja lililo aibu yetu wenyewe, nalo halingoji hakimu. Kasha la karatasi la kitasa kile lilikuwa ndani ya mtoto wa meza ya Mweka Hazina muda huo wote. Limechapwa juu yake ya kwamba ndani mna funguo tatu. Fundi alitukabidhi mbili. Hakuna aliyesoma, wala hakuna aliyehesabu. Na fundi mwenyewe tulimpataje? Nambari yake ya simu ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Tulimpigia, akaja kwa pikipiki, akaimaliza kazi kwa muda wa saa moja, tukamlipa taslimu. Hatukumwuliza jina lake kamili wala hatukudai stakabadhi. Tulimwita Fundi tu, naye akaitika.

Hata katika kusema mlango haukuvunjwa tulisema visivyo. Mwanachama mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya mawakili alituonyesha Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 303. Humo imeelezwa kuwa mtu akifungua mlango kwa ufunguo, au kwa kuusukuma, kuuvuta au kuuinua, ahesabiwa kuwa ameivunja nyumba, sawasawa na yule aliyekuja na mtaimbo. Na kifungu cha 304 chasema kwamba aivunjaye na kuiingia nyumba ya kukaa watu kwa nia ya kutenda kosa kubwa aweza kufungwa miaka 7, na akiwa ametenda usiku, miaka 10. Usiku kwa sheria hiyo huanza saa kumi na mbili na nusu ya jioni, hata saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Twawataja haya si kwa kuwatisha watu, bali kwa kuwa wengi wakiibiwa pasipo mlango kuvunjika huona haya kwenda kituoni, wakidhani wataulizwa ushahidi uko wapi. Nendeni mkaandikishe.

Basi tuje kwenye vitasa vyenyewe. Wazee wetu wakumbuka mlango wa nyumbani uliofungwa kwa mti tu, na mti ule haukuwekwa kumzuia mtu. Uliwekwa kumwambia mgeni kwamba mwenyewe hayupo. Watu wa Pwani wao walikuwa na mambo yao: mwenye kufika Lamu bado aweza kuona milango ya mbao yenye riza, yaani mnyororo unaopandishwa mpaka kwenye tumbuu la juu na kutiwa kufuli. Lakini sisi tuliokuja mjini twakaa ukuta kwa ukuta na watu tusiowajua, na mlango wetu umefungwa kwa kitu ambacho hatujapata kukifungua tuone ndani yake mna nini.

Vitasa vilivyojaa katika nyumba zetu za kupanga ni vile vya kuchimbiwa ubaoni, na vingi vina vijibamba viwili au vitatu vya chuma ndani yake. Ufunguo ukizungushwa huinua kila kijibamba kwa kadiri yake, na vyote vikikaa sawa ndipo ulimi wa kitasa hurudi. Vijibamba vikiwa vichache, namna za funguo nazo huwa chache, ndiyo sababu pengine ufunguo wa jirani hufungua mlango wako. Jaribuni, kwa idhini ya jirani. Vile vile wahuni wana ufunguo mmoja uliochongwa kwa kufungua vitasa vingi vya namna hii, nao wameupa jina ambalo hatutalitamka mbele ya akina mama. Kitasa cha vijibamba vitano ni kigumu zaidi. Waingereza wana kipimo chao kiitwacho BS 3621, kilichotolewa kwanza mwaka 1963, nacho chataka ulimi utokeze milimita 20 na namna za funguo zisipungue 1,000. Mnapokwenda dukani hamna haja ya kutaja nambari hizo. Mwulizeni mwenye duka kitasa kina vijibamba vingapi, na mpime ulimi kwa macho.

Aina ya pili ni ile ya silinda, yenye ufunguo bapa wa meno madogo. Mmarekani Linus Yale mdogo ndiye aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1861, ijapokuwa Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mti yaliyofanya kazi kwa namna hiyo hiyo, vijiti vikianguka na kuinuliwa. Uzuri wake kwetu sisi wenye mifuko myepesi ni huu: ufunguo ukipotea waweza kuitoa silinda peke yake na kutia nyingine, kitasa kikabaki pale pale. Wengi hawajui jambo hili, na fundi asiye mwaminifu hatawaambia. Atawauzia kitasa kizima.

Wala mtu asidhani kwamba liko kufuli lisilofunguka. Joseph Bramah wa London alitengeneza kufuli akaliweka dirishani mwa duka, pamoja na ahadi ya gine 200 kwa atakayelifungua pasipo ufunguo. Lilikaa hapo miaka zaidi ya sitini, Bramah mwenyewe akafa. Mwaka 1851 akaja Mmarekani, A. C. Hobbs, akalifungua, kazi hiyo ilimchukua saa 51 katika muda wa siku 16. Mwizi wa mtaani hana siku kumi na sita. Ana dakika chache, naye hutazama kwanza mahali pepesi kuliko kitasa.

Mahali hapo pepesi ni mlango na mwimo wake. Tumekwenda katika nyumba kadha za wanachama mwaka huu, tukaona kitasa cha bei kubwa kimetiwa katika ubao mwembamba wenye uwazi katikati, ambao teke moja lingeupasua. Tumeona bamba la mwimo limeshikwa kwa parafujo mbili fupi zisizofika hata nusu ya mti. Badilisheni parafujo hizo, mtie ndefu zinazoupita mwimo na kushika ukuta. Gharama yake haifiki bei ya soda chache. Tumeona mlango wa chuma wenye kufuli nene kama ngumi, na tumbuu lake limeungwa kwa nukta mbili za moto tu. Na milango inayofunguka kwa nje huacha bawaba zake nje, pini ikitolewa mlango wote huvuliwa kama shati.

Hapa hatuna budi kusema neno zito. Katika kujilinda na wezi wengi wetu tumejifungia ndani. Nondo dirishani, mlango wa chuma, kufuli kwa ndani, na ufunguo haujulikani uko wapi usiku umeme ukikatika. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Ufunguo wa kufuli la ndani uwe na msumari wake, karibu na mlango lakini mbali na mkono wa mtu aliye nje, na kila mtoto ajue msumari ulipo. Wazazi wawajaribu watoto gizani. Mtoto asiyeweza kufungua, kufuli hilo liondolewe na kuwekwa komeo la ndani lisilotaka ufunguo.

Sasa juu ya fundi. Kazi yake ni kazi ya heshima, na wengi wao ni watu wema wanaolea watoto wao kwa tupa na keekee. Lakini fikirini: mtu huyu mwamwita aje auone mlango wenu kwa ndani, aone mali iliyomo, ajue saa mnazotoka, kisha mwamwachia funguo zenu mkononi. Hata daktari hampewi kiasi hicho. Kwa hiyo si haki kumchagua kwa nambari ya nguzoni.

Tafuteni fundi mwenye mahali, kibanda au karakana ambayo ilikuwapo mwaka jana na itakuwapo mwaka ujao, na ulizeni majirani wa mahali hapo, si yeye. Mwombeni kitambulisho, mwandike jina na nambari yake. Kama ana hati ya mtihani wa ufundi wa NITA, iwe ya useremala au ya kazi za chuma, ni vizuri; hiyo yaonyesha mkono wake. Cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na DCI nacho ni vizuri, ila mjue kwamba chasema tu mtu huyu hajaandikwa na polisi. Yule wetu huenda angekipata.

Dalili tunayoithamini kuliko hizo zote ni hii, nasi tulifundishwa na fundi mzee ambaye sasa ndiye tunayemtumia. Tulipokwenda kumwita aje abadili kitasa cha ghala, hakusimama. Alituuliza ghala ni la nani, tukasema ni letu. Akauliza, nani ajuaye kuwa ni lenu? Ikabidi Katibu alete karatasi ya kodi na kumwita mwenye nyumba kwa simu. Mmoja wetu alikasirika, akaona twadharauliwa. Lakini fundi asiyekuuliza wewe leo, kesho hatamwuliza mwingine atakayemwambia kuwa mlango wako ni wake.

Mpatane bei kabla hajatoa chombo chochote mfukoni, bei ya kuja na bei ya kazi, na iandikwe. Wako wanaotaja fedha kidogo kwenye simu, wakifika hukitoboa kitasa kwa keekee hata kabla ya kujaribu njia nyingine, kisha bei ikapanda mara tano kwa sababu sasa hamna kitasa. Fundi ajuaye kazi hujaribu kwanza kukifungua bila kukiharibu. Mkifungiwa nje usiku, ni heri kulala kwa jirani kuliko kumwita msiyemjua kwa haraka. Hapo ndipo mtu huchaguliwa na fundi badala ya kumchagua.

Kitasa kipya kifunguliwe mbele yenu kutoka kasha lililozibwa, na msome kasha. Funguo zihesabiwe kwa sauti. Msiondoke kwenda kupika chai mpaka kazi iishe. Tunajua ni vigumu, maana kwetu mgeni hufanyiwa chai. Chai ifanywe na mwingine.

Mkihamia nyumba mpya, hesabuni kwamba mpangaji wa kwanza, mke wake, kaka yake, mtumishi wake na mwangalizi wa nyumba wote wana ufunguo. Semeni na mwenye nyumba mtie silinda nyingine au kitasa kingine, na cha zamani mkihifadhi mkirudishe siku ya kuhama. Na ufunguo usipewe kijana akachongeshe nakala mjini. Wachongaji funguo wameketi kila pembe na mashine zao, na kwa dakika chache nakala yapatikana, pasipo kuulizwa ni ya mlango gani. Nendeni wenyewe, mrudi na zote. Kadhalika ufunguo haufai kupigwa picha. Mwezi uliopita mwanachama mmoja, kwa furaha ya kupata nyumba yake mwenyewe, aliweka picha ya ufunguo wake katika kundi letu la WhatsApp. Sote tulimpongeza. Lakini mchongaji hodari aweza kuchonga ufunguo kwa kuitazama picha tu, na kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili.

Kwa upande wa ghala letu, Katibu amefungua daftari ya funguo. Kitasa kipya kina vijibamba vitano na kilikuja na funguo tatu. Mmoja uko kwa Katibu, mmoja kwa Mweka Hazina, na wa tatu umetiwa katika bahasha iliyotiwa sahihi na watu watatu, nayo iko kwa Mwenyekiti. Autoaye ufunguo huandika siku, saa na sababu. Gharama ya kitasa, parafujo na ujira wa fundi imo katika hesabu za mwaka, na stakabadhi ipo.

Imebaki habari ya mzee wetu. Baada ya afisa wa polisi kuondoka na ufunguo ule, watatu kati yetu walisafiri kwenda kwao. Walimkuta shambani. Walimweleza yote, wakamwomba radhi, wakamkabidhi mshahara tuliouzuia pamoja na fedha nyingine ambazo Halmashauri ilikubali kwa kauli moja. Kiasi chake nacho kimo katika hesabu. Alizipokea, akazihesabu. Walipomwomba arudi kazini alisema amekwisha kuwa mzee, naye hataki tena kushika ufunguo wa mtu. Kisha akawauliza jambo moja ambalo hawakulitazamia. Aliuliza kama bado twachapa kitabu cha taarifa kila mwaka. Kumbe taarifa ile ya miaka mitatu iliyopita ilifika mpaka kwao, ikasomwa na watu wa nyumba ambayo mwanawe alikuwa akiposa, na posa ikarudishwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa amri ya Halmashauri twatangaza hapa, na maneno haya yatachapwa katika kitabu cha mwaka huu: yale yaliyochapwa juu ya mlinzi wetu katika taarifa ya mwaka ule hayakuwa kweli. Mzee yule hakuiba kitu cha Chama. Twayafuta maneno hayo, na twamwomba radhi yeye na nyumba yake.

Ameomba nakala mbili, moja yake na moja ya watu wale. Zitawekwa kando siku kitabu kitakapotoka kiwandani, na Katibu atazipeleka mwenyewe kwa mkono.